Kicheko cha Ticha Kwenye Kanda

Uvumilivu wangu uliisha makaburini, mchana kweupe, mbele ya watu wote, pacha wangu mmoja akiwa mgongoni na mwingine ameshika kitenge changu. Tulikuwa tumekwisha kumteremsha Ticha, yule mwalimu wa Kiingereza ambaye wengi wenu hapa Baraka mlimjua kwa jina hilo tu. Alikufa kwa kipindupindu huko mashambani, upande wa Mboko, akarudishwa kwetu kwa mtumbwi, amefunikwa turubai. Wanakwaya walikuwepo, lakini bila sare na bila kufungua kinywa. Mchungaji hakuja. Aliyekuja ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amevaa koti lake la Jumapili, akatueleza kwa sauti ya upole kwamba marehemu amefariki akiwa bado chini ya adhabu, na mtu wa namna hiyo hazikwi kwa nyimbo. Hapo bado nilivumilia. Kisha akaongeza, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga isiyo yake: "Benye hekima balisema, musiba wa kujitakia hauna kilio." Nikasikia kitu kimekatika ndani yangu, kama kamba ya wavu iliyooza. Nikamkabidhi jirani mtoto wa mgongoni, nikasogea mpaka kwenye udongo uliochimbwa.

"Muzee," nikamwambia, "ile kanda ya huyu mama iko kwenu tangu mvua iliyopita. Mulisha kuisikia?"

Akatazama viatu vyake. Nikamuuliza tena. Akasema, "Hatukukuwa na majiwe ya redio."

Ndiyo kusema hivi, wasomaji wangu: watu wazima watano walimhukumu mwanamke kwa sababu ya kicheko kilichomo ndani ya kanda, wakaifungia kanda hiyo katika kabati la kanisa, wakamwondoa darasani, wakamwacha afe nje ya nyimbo, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikiliza, kwa kuwa redio yao haikuwa na mawe, yaani betri. Niliyoyasema baada ya hapo mengine si ya kuandikwa katika gazeti linalosomwa na watoto wa shule. Mwenyekiti aliinua mkono ili vijana waniondoe. Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikatoka nyuma ya watu: "Mumuache aseme." Alikuwa mama mkwe wa Ticha, yule yule aliyempeleka mbele ya wazee. Nitarudi kwake.

Katika safu hii nimezoea kuwaandikia habari za bei ya unga wa muhogo, vizuizi vya barabarani, na maji ya ziwa ambayo watu wanaendelea kunywa bila kuchemsha kana kwamba kuni zinawauma. Leo naandika juu ya mtu mmoja. Sikuwa ndugu yake wala rafiki yake wa utotoni. Tulitenganishwa na ua wa matete, basi. Mume wangu yuko ng'ambo ya ziwa tangu vita ya pili ilipoanza, aliniacha na mimba ya mapacha hawa, na salamu zake zinafika mara nyingine, mara nyingine hazifiki. Mume wa Ticha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja alienda Uvira kufuata vitabu, na karibu na Makobola barabara ikammeza, kama ilivyowameza wengi. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja na mlango wake, na jioni kila mmoja aliketi kwenye kizingiti chake akisikiliza mwenzake akisonga ugali. Hatukuzungumza sana mwanzoni. Lakini kusikia mwiko wa mtu mwingine ukigonga sufuria ni namna ya kuzungumza. Wiki hizi nasikia mwiko wangu tu.

Ticha alizaliwa Mboko. Vita ya kwanza ilimvusha ziwa akiwa msichana aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa, kama mimi. Huko kambini, upande wa Kigoma, Kifaransa hakikumpatia hata kikombe cha chumvi, akajifunza Kiingereza kwa kuwatafsiria akina mama kwenye mizani ya kupima watoto. Aliyeshika mizani hiyo alikuwa mwanamke wa Kijapani, kijana kama yeye, ambaye Kiingereza chake pia kilikuwa cha kujifunzia njiani. Walielewana vizuri, Ticha aliniambia, kwa sababu hakuna kati yao aliyeweza kumcheka mwenzake. Utulivu kidogo uliporudi, akarudi na mume wake, akapewa darasa la Kiingereza katika sekondari ya kanisa letu. Wanafunzi wakamwita Ticha, wazazi wakafuata, hata askari wa kizuizi cha barabarani walimwita hivyo wakati wa kumpekua kikapu.

Sasa msikilize desturi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Katika ukoo wa mume wake, mjane hukaa kilio mpaka kaka mkubwa wa marehemu aje amnyoe nywele, amwagie maji kichwani, na kumwambia mbele ya watu kwamba imetosha. Kabla ya hapo hafungi kitenge chenye rangi kali, haimbi, hapigi kelele za furaha, hacheki. Si jambo baya, na wala simcheki aliyelianzisha. Katika nyakati za amani kilio kama hicho humalizika, watu hula, mjane huoga, maisha hurudi. Lakini kaka mkubwa wa marehemu alikuwa Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu, na kati ya Lulimba na sisi palikuwa na watu wenye bunduki ambao hata wao kwa wao hawakukubaliana nani mwenye barabara. Wachuuzi walimpelekea ujumbe. Jibu lilirudi: ngojeni, nakuja. Waliojaribu kupita walirudi bila viatu, au hawakurudi. Ticha aliomba mdogo wa marehemu afanye kazi hiyo, kwa kuwa yeye alikuwa hapa hapa, anavua ndagala. Ukoo ukakataa. Mdogo hawezi kufungua kilichofungwa kwa jina la mkubwa. Basi kilio cha Ticha kikakosa mwisho. Vita ilikuwa imefunga barabara, na barabara ikawa imefunga uso wa mwanamke.

Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa Kiingereza, kwa hiyo wazee walimruhusu arudi darasani kwa sharti kwamba atafundisha kwa uso wa kilio: chaki, ubao, wanafunzi wanakili, kengele inalia, anarudi nyumbani. Kanisa letu, ambalo kila Jumapili linatuambia tuachane na mambo ya mizimu, lilishika desturi hii kwa mikono miwili kwa sababu safari hii aliyefungwa nayo alikuwa mwanamke. Mniwie radhi. Au msiniwie, ni sawa tu.

Katikati ya hali hiyo barua ya yule Mjapani ikafika, imezunguka Kigoma miezi na miezi, ikaletwa na mchuuzi wa sabuni. Ticha aliniita kwenye ua akanisomea, akitafsiri mstari kwa mstari. Yule rafiki alikuwa amerudi kwao, katika mji mdogo. Alieleza kwamba katika shule za nchi yao kuna kazi ya mwalimu msaidizi wa Kiingereza. Darasa si lako, lina mwenyewe. Wewe unasimama pembeni yake, unatamka, watoto wanarudia, unacheza nao kwa picha na nyimbo ili lugha ya kigeni isiwatishe. Unakula nao chakula cha mchana. Mlangoni unavua viatu vya nje, unavaa vya ndani. Hakuficha magumu: mlango mkubwa wa serikali huchukua watu kutoka nchi ambazo Kiingereza ni cha kuzaliwa nacho, na Kongo haimo. Lakini shule ndogo za binafsi hujichagulia watu wenyewe, na shule moja ya watoto wadogo mjini kwake ilikuwa imeachwa na msaidizi wake. Mkuu wa shule hiyo alikubali kumsikia kwanza, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Alitaka vitu viwili, picha ya Ticha akitabasamu, na kanda ya somo alilofundisha watoto wadogo, lenye wimbo na mchezo, ili wasikie kama watoto wanafurahi naye. Mwishoni rafiki akamwonya: wengi wanaokuja kufanya kazi hii hulemewa na upweke.

Ticha akakunja barua. "Mama Mapasa," akaniambia, maana ndilo jina ninaloitwa tangu nijifungue mapacha, "hata hapa niko peke yangu, na bure. Upweke wa kule iko na mushahara."

Nilicheka mimi. Yeye alikaza midomo, akatazama upande wa nyumba ya mama mkwe wake.

Nataka mwelewe alichokuwa anakitafuta, kwa sababu makaburini walisema ni tamaa. Alikuwa na mpango mfupi: afike, afanye kazi, na kwa mshahara ule awalipie wadogo zake watatu waliobaki kambini masomo ya kweli, yenye mtihani na cheti. Basi. Hakuwahi kuota gari wala ghorofa. Na tena, alikuwa amechoka kuwa mtu ambaye wengine hushusha sauti anapopita. "Kule," aliniambia, "hakuna anajua kama mi ni mujane. Banaona tu muntu."

Tukaanza maandalizi kama watu wanaoandaa arusi ya siri. Picha ilituletea shida ya kwanza. Mpiga picha wa sokoni alikuwa na filamu iliyobakiza nafasi chache, na alikuwa na msimamo wake juu ya kazi yake. Ticha akitabasamu, yeye anashusha mashine. "Mama, funga kinywa," akamwambia, "picha ya kazi haichekake." Ticha akamweleza kwamba hii ni kazi ya kucheka. Mwanamume akatikisa kichwa kwa huruma, akangoja mpaka midomo ifungwe, akapiga. Picha ikatoka nzuri sana kwa kitambulisho cha mfiwa. Ticha aliitazama akasema, labda sauti itafanya ambacho uso umeshindwa.

Kadi za picha alizichora mwenyewe kwa makaa na rangi za majani, juu ya makatoni ya sabuni: ndagala, mtumbwi, jua, mbuzi, ugali wa muhogo kwenye sahani. Redio kaseti tuliazima kwa kinyozi. Mawe mapya tulinunua kwa kuuza kuku wangu, na sijutii kuku. Asubuhi moja, watu wengi wakiwa mashambani, tukatandika mkeka katika ua wangu, tukakusanya watoto wa majirani pamoja na wangu, nikabonyeza kitufe. Mara ya kwanza alifundisha kama alivyozoea darasani. Tuliporudisha kanda na kusikiliza, sauti ile ilikuwa kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Ticha alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. "Mama Mapasa," akauliza, "huyu ni mwalimu ao ni maiti?"

Akajaribu tena, na tena. Alijua nyimbo, alijua michezo, alijua Kiingereza. Kitu kilichomshinda ni koo. Ulikuwa umepita muda mrefu mno, koo lilikuwa limesahau njia. Watoto wakachoka, mmoja akalala. Ndipo, alipoinua kadi ya ugali na kuuliza ni nini hiki, pacha wangu mkubwa, yule mlafi, akasimama, akamnyang'anya kadi, akaitia kinywani na kuanza kuitafuna kwa heshima zote, macho amefumba. Ticha akajaribu kuendelea na somo. Akatamka neno moja, likakatika. Akatamka la pili. Kisha kikatoka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu wahamie pale, kikubwa, cha tumboni, cha msichana wa Mboko kabla ya vita zote, na watoto wote wakaamka na kuanza kupiga kelele za majibu, kila mmoja anataka kadi yake ya kula. Walijibu vizuri, kwa Kiingereza, wote, mpaka yule aliyekuwa amelala. Kanda iliendelea kuzunguka.

Tulipoisikiliza, nilidhani atataka kuifuta. Alisikiliza, akafuta macho, akasema, "Tuiache. Njo yenyewe."

Upande wa pili wa ua, mama mkwe wake alikuwa anaanika ndagala. Hakuja kusema neno. Alienda kwa wazee moja kwa moja. Nilimchukia mwanamke yule muda mrefu, na bado sijamaliza, lakini nami nina watoto, na najaribu kufikiri: mwanao ameuawa njiani, na mdomo uliopewa kazi ya kumlilia unausikia unacheka kwa nguvu kiasi kile. Hakuona kadi. Hakuona mtoto anayetafuna katoni. Alisikia kicheko tu, kupitia matete.

Wazee walimwita Ticha kanisani alasiri moja, pamoja na kanda. Nilibaki mlangoni na wanangu, kwa hiyo nilisikia. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli alicheka. Angeweza kusema ni watoto. Angeweza kusema ni mimi, na mimi nilikuwa tayari kuapa. Akasema, "Nilicheka. Ilikuwa kazi." Mwenyekiti akauliza ni kazi gani hiyo. Ticha akaeleza kwa utaratibu, kama darasani: msaidizi, watoto, lugha ya kigeni, hofu. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha zamani akageukia wenzake. "Sasa njo Bajaponi banalipa muntu ju ya kucheka? Mi pia baniandike." Wazee wote wakacheka. Walicheka vizuri, mmoja mpaka akakohoa, humo humo kanisani, mbele ya mjane aliyekuwa anashitakiwa kwa kucheka. Hakuna aliyewafungulia kesi. Wakamwekea adhabu mpaka kilio kifunguliwe: hatashiriki meza ya Bwana, hatafundisha katika shule ya kanisa, na kanda ibaki kwao kama ushahidi. Jumapili iliyofuata ikasomwa mbele ya kusanyiko lote. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Watu wa benchi lile wakasogea kidogo kidogo, mpaka akabaki na benchi.

Nilimshauri tuirekodi upya. Kinyozi alikuwa amepewa onyo, hakutuazima tena redio, lakini tungetafuta nyingine. Alikataa. Alisema kicheko kile hakitarudi kwa kuitwa. Akamwandikia rafiki yake kwamba kanda imechelewa kidogo, na ninavyojua hakuna jibu lililokuja. Bila darasa hakuwa na cha kula, kwa hiyo akaenda kulima muhogo kwenye shamba la ukoo wake upande wa Mboko, ambako maji ni ya mto na wanaokimbia vita wamekuwa wengi kuliko vyoo. Mara chache alirudi Jumamosi na kunigongea ua. Aliniuliza habari za mlafi wake. Mara ya mwisho alinisemesha Kiingereza kidogo, halafu akasema kinaanza kukauka mdomoni kwa kukosa wa kujibu.

Sasa wengine mtaniambia: Mama Mapasa, hata angetuma kanda hiyo, Wajapani wangemkataa. Inawezekana. Mimi si mpumbavu, najua safari ya kutoka Baraka mpaka huko ina milango mingapi na kila mlango una mtu aliyekaa kwenye kiti. Huenda mkuu wa shule ile angesikiliza na kusema lafudhi hii si yenyewe. Lakini hapo angekuwa amekataliwa na watu waliomsikia. Sisi tulimnyima hata haki ya kukataliwa. Tumekuwa hodari kwa jambo hilo. Vijana wetu wakitaka kuondoka tunawaita wasaliti, wakibaki tunawafunga mikono, na wakifa tunasema ni Mungu. Tunailaumu vita, na vita inastahili kila lawama, lakini si vita iliyomwondoa Ticha darasani. Wenye bunduki walikaa Lulimba na barabarani. Hawakuketi katika kiti cha yule mwenyekiti.

Na jambo lingine. Nendeni kwenye kizuizi cha kutokea mjini mkasikilize. Askari wanacheka mchana kutwa. Wanamcheka mzee anayevuliwa kofia, wanamcheka mama anayemwagiwa unga wake chini. Mji mzima unasikia kicheko hicho na tumejifunza kupita nacho. Katika mji kama huu, kicheko pekee kilichofunguliwa kesi ni cha mjane aliyekuwa anafundisha watoto kwenye mkeka. Nikiwaza hivyo hasira yangu huwa kubwa kiasi kwamba siwezi kunyonyesha vizuri, watoto wanaisikia kwenye maziwa na kulia. Kisha hasira inashuka, na kinachobaki si kitu kikubwa. Kinabaki kimya cha upande wa pili wa ua.

Nilisema nitarudi kwa mama mkwe. Baada ya mazishi alikuja kwangu, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka ule ule. Mapacha wakampanda mabegani kama mlima. Nilikuwa nimeandaa maneno makali na nilianza kumpa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilisikia nusu, kupita mu matete. Bale bazee hata nusu habakusikia. Nataka kuisikia yote."

Nikamuuliza kama yuko tayari kuweka kidole chake kwenye karatasi. Akasema kwa nini unafikiri nimekuja. Usiku huo sikuandika kwa hasira, niliandika kwa mwandiko mzuri, kama alivyotufundisha sista mmoja sekondari, na asubuhi tulikwenda wote wawili mpaka ofisi ya wilaya ya kanisa. Katibu alisoma, akatutazama, akasoma tena, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia agonge muhuri. Akagonga.

Somo langu ni moja, nalo si la Wajapani. Adhabu iliyosomwa hadharani haifutwi kwa kunong'ona baada ya mtu kuoza. Na mwenye ufunguo wa kilio cha mwenzake akiwa mbali, walio karibu wasijifanye hawana mikono. Yafuatayo ndiyo mashitaka tuliyoyapeleka. Majina nimeyaondoa hapa tu. Kule ofisini yamo.

*Kwa Ofisi ya Wilaya ya Kanisa, hapa Baraka. Sisi wawili, jirani wa marehemu na mama mkwe wa marehemu, tunaishitaki kamati ya wazee kwa kuhukumu jambo ambalo haikulisikia. Hatudai fidia, na hatuombi mtu yeyote aondolewe kwenye kiti chake. Tunaomba kanda itolewe kabatini na ipigwe kanisani siku ya Jumapili, kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele ya kusanyiko lile lile lililosomewa adhabu. Ikiisha, wazee waseme kwa vinywa vyao kama bado wanaona kosa. Wakiliona, walitaje. Wasipoliona, adhabu iondolewe pale pale kwa sauti, kwaya ivae sare, na twende wote makaburini tukamwimbie wimbo tuliomnyima. Tunaomba pia kanda hiyo, baada ya hapo, tukabidhiwe sisi, ili itumwe ilikokuwa inakwenda. Na kwa kuwa mwenyekiti alieleza mbele ya kaburi kwamba kamati haikuwa na mawe ya redio, tunaijulisha ofisi kwamba mawe tutayaleta sisi wenyewe, mapya.*